Chumvi ya Mwape

Sista wa zahanati aliniomba niongee na wagonjwa wapya wanaokaa kwenye mabenchi asubuhi, wale wanaoshika kikopo cha makohozi kama wameshikishwa nyoka. Nilikataa. Nikiona macho ya mtu aliyekonda nageuka upande. Nikasema nitaandika, asiyejua kusoma asomewe. Ukitafuta humu habari za wadudu wa kifua kikuu na jinsi dawa inavyowaua, umekosea mlango, kamuulize sista. Mimi ni mpishi. Nitakuambia tulivyokula.

Nilipika miaka ishirini na miwili kwenye kantini ya kampuni moja hapa Lubumbashi. Watu mia tatu kila mchana. Bukari, ugali wetu, tuliikoroga wanaume wawili, kila mmoja na mwiko unaomfika kifuani, na jasho letu lilikuwa linaangukia wapi usiniulize. Halafu ukaja uporaji. Wanajeshi walitoka kambini, sisi raia tukawafuata nyuma, na usiniambie kwamba wewe ulibaki ndani unasali. Kwa siku mbili mji mzima ulibeba friji, milango, mabati, hata mabakuli ya kantini yetu. Baada ya hapo kulikuwa na kantini gani tena? Nilirudi nyumbani, mtaa wa Katuba, na aproni yangu kwapani. Mwaka uliofuata, wakati wa kipwa, miezi ile ya baridi na vumbi isiyo na tone la mvua, nikaanza kukohoa.

Kwanza nilisema ni moshi wa kantini uliobaki kifuani. Kila mgonjwa wa kifua ana uongo wake wa kwanza, na huo ulikuwa wangu. Mwezi wa saba suruali ikaanza kuniteremka, nikaifunga kwa kamba ya gunia. Mwezi wa nane mashuka yakawa yanaamka yameloa, na mke wangu anayaanika bila neno. Mwezi wa tisa nilitema damu kwenye karai la kunawia, na mwanangu wa kiume Chola, mwenye miaka kumi, ndiye aliyeiona. Sikuwa na uongo mwingine. Nikaenda zahanati.

Baada ya majibu alikuja dada yangu mkubwa kutoka Likasi, Yaya Felisi. Huyu alinilea. Mama yetu alikufa mimi bado nanyonya, na Felisi, mtoto wa miaka tisa, akanibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea. Akisema, mimi nakaa chini. Alifika na wajomba wawili, wakakaa sebuleni, na mke wangu akaitwa mbele yao kama mshitakiwa.

Hapa lazima nieleze kitu. Kwetu sisi wa upande wa Sakania, mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye chungu. Anaita mtoto mdogo, mtoto anatia, yamekwisha. Hakuna anayelizungumza. Mwanaume aliyeoa akiona mtoto ameitwa kutoka mchezoni kuja kutia chumvi, anajua, na anatazama upande mwingine. Wazee wanasema mwanamke asipofanya hivyo, yule aliyekula anashikwa na kikohozi cha kifua, anakonda, anakufa. Nilikulia ndani ya maneno hayo, na ukikohoa damu maneno uliyokulia yanarudi yote.

Felisi alimtazama mke wangu, akamwambia, "Mama Mwape, useme kweli mbele ya bantu. Mu siku zako, haukutiaka chumvi mu chakula ya bwana yako?"

Mke wangu alinitazama mimi. Alikuwa ananingoja, na kila mtu sebuleni alijua kwamba ananingoja. Miaka kumi na minne ya ndoa, na hajawahi hata mara moja kuvunja desturi ile. Nilijua. Nikatazama sakafu. Sitaki kujipamba mbele yako wewe unayesoma: ilinifaa kidogo kwamba kosa lipate mwenyewe na mwenyewe asiwe mimi. Nilinyamaza. Nyuma ya mlango wa chumba alikuwa amesimama binti yangu mkubwa, Mwape, wa miaka kumi na mitatu, amesikia yote, na hilo sikulijua wakati ule.

Kisha Felisi akatoa shauri la ukoo. Mimi mgonjwa, mama itabidi akatafute unga mpakani, kwa nini watoto wafe njaa? Mwape aende naye Likasi, Chola kwa mjomba Sakania, na Kunda, kitinda mimba wa miaka sita, kwa bibi mzaa mama. Mke wangu akasimama. "Batoto yangu haiko kuku ya kugawanya," akasema. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Felisi akaweka muda: dawa yangu ilikuwa ya sindano, za miezi miwili, basi angengoja ziishe ndipo aje kuamua. "Lakini nikisikia jiko ilikuwa baridi jioni moja tu," akaniambia mimi, si mke wangu, "nakuya kubeba batoto bote batatu." Na kusikia angesikia, maana nusu ya barabara yetu wana ndugu Likasi.

Ukitawanya watoto kwenye miaka ile, huwakusanyi tena. Niliona familia zilizofanya hivyo. Mmoja anakwenda na treni, reli inakatika, mwenyeji anahama, na wewe unabaki na picha ya komunyo ya kwanza. Nilikuwa naogopa kufa, ndiyo, lakini hilo nililiogopa zaidi.

Unga ulikuwa hauonekani mjini, kwa hiyo mke wangu alijiunga na wanawake wanaokwenda Kasumbalesa na kuvuka kuutafuta upande wa Zambia. Anaondoka Jumatatu, anarudi Alhamisi au Ijumaa, mara nyingine Jumapili, kulingana na lori na askari wa njiani. Alipoondoka mara ya kwanza hakuniaga kwa jina. Alimwambia Mwape, "Uangalie baba yako."

Basi tukabaki mpishi asiyeruhusiwa kugusa sufuria, na watoto watatu wasiojua kuiinjika. Sista alikuwa amenikataza kukaa na watoto ndani na kukohoa juu ya chakula. Nikachukua sanduku la bia, nikaligeuza, nikalikalia uani karibu na ukuta, upande ambao upepo unachukua kikohozi changu kupeleka kwa jirani, Mungu anisamehe. Hatua kama sita mbele yangu ilikuwa babula, jiko letu la makaa. Kutoka pale niliwafundisha kwa mdomo tu.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Mimi vipimo vyangu vyote vilikuwa vya watu mia tatu. Nikimwambia Mwape "ongeza unga," mkono wangu hewani unaonyesha ndoo. Alimwaga unga wote mara moja ndani ya maji ambayo hayajachemka vizuri, na bukari ikatoka na mabonge ambayo Kunda aliyaita mayai. Nilifoka. Nilifoka kama nilivyokuwa nafoka kantini, na Mwape akaacha mwiko akaingia ndani. Chola ndiye aliyenitazama akasema taratibu, "Baba, hatuko bafanyakazi." Nikamwomba amwite dada yake, na tukala mayai yale na mboga.

Kufundisha bila mikono ni kazi ngumu, wewe jaribu. Vidole vyangu vilikuwa vinajua mambo ambayo mdomo wangu haukuwahi kuyasema. Unajuaje maji yako tayari kupokea unga? Unajua tu. Nililazimika kufumba macho na kusikiliza, halafu kuwaambia nilichosikia: maji yakianza kunong'ona bado, yakianza kugombana tayari. Matembele usiyapike mpaka yapoteze rangi. Ndakala, wale dagaa wakavu, waoshe kwa maji ya moto kabla ya kukaanga, la sivyo utasaga mchanga. Karanga zitwange siku ile ile. Chola nilimpa moto, na kupanga makaa alijua haraka kuliko dada yake. Watoto wa barabarani walimcheka walipomkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, wakamwita mama Chola. Nilisimama pale pale nikawauliza baba zao walikula mikononi mwa nani miaka ishirini na miwili kule kantini, mwenye masharubu au asiye nayo. Walikimbia. Kilichowakimbiza nadhani ni kikohozi kuliko hoja.

Jirani yetu Mama Ntumba alikuwa anavuka ukuta kila jioni kumsaidia Mwape. Ndiye aliyemwonyesha kushika mwiko kwa mikono miwili na kubana sufuria kwa miguu. Alikuwa mtu wa Kasai, amezaliwa hapa hapa Lubumbashi, lakini mwaka ule watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa mkoani kwetu, na waliofukuza hawakumuuliza amezaliwa wapi. Kwenye sindano yangu ya ishirini hivi, mvua za kwanza zimeanza, alifunga vitu vyake akaenda kulala kwenye kituo cha treni na maelfu ya wengine, wanangoja treni isiyokuja. Mwape alimpelekea bukari mara mbili. Mara ya tatu hakumkuta, na hakuna aliyejua kama alipanda treni au alizikwa. Mwape alirudi na chakula kikiwa bado kimefungwa ndani ya kitambaa. Hatukuweza kukila.

Tulikuwa tunapika mapema, saa kumi, ili kufikia saa kumi na moja moto umefunikwa na lango limefungwa. Harufu ya chakula ilikuwa hatari. Siku moja ndakala walinukia barabarani, tukasikia lango linagongwa kwa kitako cha bunduki. Wanajeshi wawili. Wamekonda kama mimi. Mmoja akasema wamesikia harufu nzuri. Watoto walikuwa wamesimama nyuma ya sufuria, na Mwape ameshika mwiko kwa mikono miwili kama anataka kupigana nao. Mimi nilikwenda mpaka langoni, nikaanza kuwakaribisha, na kikohozi kikanishika, cha kweli kabisa, kile cha kukunja mgongo. Nilipoinua uso na damu kidogo kwenye kitambaa, walikuwa wamerudi nyuma hatua nne. "Ubakie na chakula yako, mubaba," mmoja akasema. Watoto walicheka mpaka Kunda akajikojolea. Ugonjwa ule ulinichukulia vingi, lakini jioni ile ulitulindia sufuria, nami nauandikia hapa shukrani yake.

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, nilikuwa kwenye benchi la zahanati. Masikio yalianza kulia kama kuna nzi ndani, ni sindano zile. Mkojo ulitoka mwekundu, ni vidonge. Usiogope, nilishaogopa kwa niaba yako. Njaa ilirudi ghafla karibu na sindano ya thelathini, njaa ya aibu, naweza kula sehemu yangu na kutamani ya Kunda. Jirani yangu wa benchi alikuwa mwalimu kutoka Kasapa, mbali nje ya mji, mtu wa vitabu ambaye alikuwa hajalipwa sijui tangu lini, na anakuja kwa miguu njia yote ile. Alikuwa ananiuliza kila siku jana tumekula nini, na mimi namweleza polepole, jani kwa jani, naye anafumba macho. Siku moja aliniambia ameacha kuuliza. Ulimi wake umekufa. Kila anachokula kinafanana na karatasi. "Ikianza ku ulimi, njo basi," akasema. Baada ya siku kumi nafasi yake ilikaliwa na mwanamke mwenye mtoto.

Sasa utaelewa kilichonipata karibu na mwisho. Zilikuwa zimebaki sindano nne. Mke wangu alikuwa mpakani tangu Jumatatu. Mwape wakati huo alikuwa anapika kweli, mtoto yule alikuwa na mkono, naweza kusema hivyo kama mtu wa kazi. Sahani yangu ililetwa kama kawaida, ikawekwa chini nusu ya njia, Mwape akarudi nyuma, nami nikaifuata. Nikaweka tonge mdomoni. Hakuna kitu. Majani na maji. Nikajaribu ndakala. Hakuna kitu. Nikatazama watoto kwenye sinia lao, wanakula haraka, vidole vinagombana, hakuna anayelalamika. Basi si chakula. Ni mimi.

"Iko muzuri, Mwape," nikasema.

Kesho yake vile vile. Siku ya tatu vile vile. Mpishi aliyepoteza ulimi ni nani? Nilikuwa namuona mwalimu amefumba macho. Sikumwambia sista, nilidhani nikisema litakuwa kweli. Nilikuwa nasifu chakula kila jioni, na kila nikisifu Mwape alikuwa anatazama chini, na mimi najiambia, mtoto amejua, ameona nakufa. Usiku nilikuwa nahesabu nani atawachukua. Wewe uliye kwenye benchi, ukipata jambo geni mwilini, sema. Siku hiyo hiyo. Mimi nilipoteza siku nne za maisha yangu kwa kunyamaza, na sikuwa na za kuchezea.

Na kitu cha kunichekesha leo ni kwamba niliona. Nilikuwa nimekaa pale kwenye sanduku langu, hatua sita, na kila jioni nilimuona Kunda anaitwa kutoka kwenye kamba yake ya kuruka, anachovya vidole kwenye kopo la chumvi, anatia kwenye sufuria, anarudi kucheza. Mwanaume aliyeoa miaka kumi na minne. Macho ninayo, akili sina. Kwangu Mwape alikuwa mtoto, na mtoto akimwita mtoto ni mchezo.

Siku ya sindano ya mwisho sista alisoma karatasi akasema makohozi hayana kitu tena. Vilibaki vidonge vya miezi mingine, lakini sasa naweza kukaa na watoto wangu. "Endelea kula vizuri," akasema. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia, nina makohozi safi na ulimi uliokufa. Barazani nikamkuta Yaya Felisi. Amekaa kwenye kiti changu, na miguuni ameweka begi kubwa lisilo na kitu. Hakuhitaji kunieleza. Nikamwambia habari ya makohozi, akamshukuru Mungu kwa sauti, lakini begi hakulisogeza. Mke wangu alikuwa bado hajarudi.

Saa kumi Chola akawasha moto. Mwape akapika bukari, matembele ya karanga, na ndakala wachache wa pilipili. Felisi aliketi karibu anatazama kila kitu, mikono mapajani, kama mtu wa mtihani. Mwape hakukosea. Mboga zilipoiva alichota sehemu yangu, akaiweka kando akaifunika. Halafu akaita, "Kunda, kuya." Kunda akaja, akatia chumvi kwenye sufuria, akarudi kwenye kamba yake.

Felisi akasimama. "Mwape, tangu siku ngapi?"

Mwape hakuinua uso. Akaonyesha vidole vinne.

Mimi, punda, nikauliza siku nne za nini. Dada yangu alinigeukia kwa huruma ile anayowapa wajinga. "Mutoto yako amekuwa mwanamuke, na weye uko unakaa tu pale. Mama haiko. Jirani haiko. Mutoto iko mu siku zake, anapikia mugonjwa wa kifua. Bote batatu banaenda na miye leo."

"Ya baba sikutia chumvi," Mwape akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Hata kidogo, shangazi. Siku zote ine. Naondosha yake mbele, njo Kunda anatia ya benzetu. Hata Kunda akitia, ile kopo nilikuwa naishika miye, nikaogopa. Sikutaka baba akufwe."

Ilinichukua muda. Kisha nikamwambia Chola aniletee tonge kutoka sufuria ya watoto, kidogo tu, mkononi. Nikaweka mdomoni. Chumvi. Chumvi, karanga, moshi wa makaa, vyote. Ulimi wangu ulikuwa mzima. Nilicheka, ndugu yangu, nilicheka nikashika ukuta. Halafu nikauona uso wa mwanangu na kicheko kikaniishia. Siku nne alikuwa ananipikia huku anaamini mkono wake unaweza kuniua. Alikuwa amejifunza hilo kwangu, siku ile niliponyamaza sebuleni. Hakuwa na mwanamke wa kumwambia vingine, yuko peke yake na hofu hiyo na mwiko.

Nikavuka zile hatua sita. Nikaichukua sahani yangu, nikakaa chini mbele yake.

"Mwape, leta kopo ya chumvi. Utie mu sahani yangu, na mukono yako."

"Hapana, baba. Utakufwa."

Felisi alianza kusema, nami nikamkatiza kwa mara ya kwanza maishani. "Ba yaya, munisamehe. Mulinilea, siwezi kubishana na nyinyi. Lakini hii kikohozi haikutoka mu chumvi. Mama Mwape hakunipa ugonjwa, hata siku moja. Nilipashwa kuisema ile siku mulimuuliza, na nikanyamaza, juu niliogopa. Njo leo nasema. Na huyu mutoto hawezi kuniua. Tia, mwanangu."

Alitia. Alifumba macho, akatia nyingi mno, kantini ningemfukuza mtu kwa chumvi ile. Nilikula. Nilikula yote, tonge kwa tonge, hata Kunda aliacha kuruka. Nilipofika mwisho, kikohozi kikanishika.

Mwape aliweka mikono yote miwili mdomoni. Felisi alifanya ishara ya msalaba. Na mimi nakohoa, nataka kuwaambia ni pilipili, na sauti haitoki. Chola akanipa maji. Nikanywa, kikapita. Nikafuta mdomo kwenye kitambaa cheupe, nikakifunua wote wakione, kitambaa kilikuwa safi. Nikaomba bukari nyingine.

Felisi hakufungua begi jioni ile. Lakini hakuondoka pia. Alisema atamngoja mama yao, na hatukujua anamngojea nini. Siku mbili aliishi nasi, anaongea kidogo, anakula alichopika Mwape na chumvi aliyotia Kunda, na usiku namsikia anajigeuza kitandani.

Mke wangu alifika Jumapili mchana, gunia la unga kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Aliliona begi barazani kabla hajatuona sisi. Akasimama pale langoni, na gunia hakulishusha. "Munakuya kubeba batoto," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikamwendea. Nilisimama mbele yake, majirani wanatazama juu ya ukuta, nikamwambia yote niliyoyasema mbele ya dada yangu, neno kwa neno, na kwa nini sikuyasema mwanzo. Nilimwambia na habari ya Mwape. Alinisikiliza, gunia bado liko kichwani.

"Ile neno," akasema, "niliingojea miezi mbili. Nilikuwa naingojea mpaka mu lori."

Felisi ndiye aliyeshuka barazani, mwanamke mzito wa miaka zaidi ya hamsini, akanyoosha mikono akaupokea mzigo kutoka kichwani pa mke wangu, akaubeba mwenyewe mpaka ndani. Alipotoka alisema, macho chini, "Nilikukosea, Mama Mwape." Mke wangu alimshika Mwape mkono, wakaingia chumbani, mlango ukafungwa.

Kwetu kazi ile ya kukaa na msichana na kumfundisha mwili wake ni ya shangazi. Kila mtu uani alijua. Felisi alibaki amesimama mbele ya mlango uliofungwa, kisha akakaa kwenye ngazi. Jua likashuka. Ndani tulisikia Mwape analia, halafu tukasikia sauti ya mama yake, ya chini, muda mrefu, halafu Mwape akacheka kidogo. Felisi hakugonga. Nilitaka kumwambia kitu, nikaona bora ninyamaze, safari hii kwa haki.

Mlango ukafunguka kidogo. Mke wangu alisimama pale, uso umelowa, hakumtazama Felisi, alitazama juu ya kichwa chake.

"Shangazi, uingie," akasema. "Mutoto ni wako pia."

Felisi alivua viatu akaingia. Mimi na Chola tukawasha babula, maana wanawake watatu walikuwa na maneno yao ndani, na watu lazima wale.